Usikimbilie Oili: Kila Kinachokwama Kina Dawa Yake

Kitasa kikigoma, mkono wa kwanza huenda kwenye chupa ya oili. Siku hiyo ufunguo huzunguka bila taabu, na baada ya miezi kadhaa mgomo hurudi, tena mkali zaidi. Ndani ya kitasa cha kawaida mna pini ndogo zinazosukumwa na springi nyembamba kama nywele. Oili hunasa vumbi linaloingia na ufunguo, viwili hivyo vikageuka tope zito ambalo springi hazina nguvu ya kulisukuma. Pini moja ikinata tu, ufunguo unaingia lakini hauzunguki.

Kitasa kinataka kilainishi kikavu, yaani unga wa grafiti. Grafiti ni kaboni iliyojipanga tabaka kwa tabaka, na tabaka hizo huteleza zenyewe kwa zenyewe bila umajimaji wowote wa kunasa uchafu. Puliza kidogo kwenye tundu, ingiza na kutoa ufunguo mara kumi hivi, kisha ufute. Huna grafiti? Imo kwenye penseli. Chukua iliyo laini, 2B au 4B, usugue meno ya ufunguo pande zote mbili mpaka yang'ae kijivu, uingize na kutoa. Rudia mara tatu au nne. Kitasa ambacho tayari kina oili kisafishwe kwanza kwa kimiminika cha kusafishia vifaa vya umeme, kile kinachokauka upesi. Ukitia grafiti juu ya oili, umejitengenezea tope jeusi.

Bawaba inayolia ni kesi nyingine. Pale chuma kinasuguana na chuma chini ya uzito wa mlango, na kilainishi chepesi husukumwa nje. Hata WD-40, dawa ya kupuliza inayosifiwa kila mahali, kazi yake ya asili ni kufukuza maji, ndiyo maana ya herufi WD. Inasaidia kulegeza kutu, lakini haikai. Funga mlango, toa msumari wa bawaba moja tu kwa kuugonga kutoka chini, na usiguse wa pili kabla huu haujarudi mahali pake. Utaukuta umepakwa unga mweusi: hizo ni chembe za chuma zilizosagika, na zikibaki humo zitaendelea kukwangua kama msasa. Futa msumari na tundu lake, paka grisi kiasi cha punje ya harage, rudisha. Grisi nyingi kupita hapo itachuruzika ukutani tu.

Droo ya mbao ikikwama, itoe utafute sehemu zinazong'aa. Hapo ndipo inaposuguana. Piga msasa kidogo, kisha sugua mshumaa mkavu. Mafuta ya kula usiyaguse kabisa: yakikaa hewani hugeuka gundi. Zipu nayo hupenda mshumaa, baada ya kuswakiwa kwa mswaki mkuukuu. Ila kama meno yanaachana nyuma ya kichwa cha zipu, msuguano umesingiziwa. Kichwa kimepanuka, kibane taratibu kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili.

Kikaango kisichoshika chakula hutegemea plastiki iitwayo PTFE, ambayo wengi huijua kwa jina la Teflon. Mkemia Roy Plunkett aliigundua kwa bahati mwaka 1938, akifanya utafiti wa gesi za majokofu. Chakula kikianza kunata, usitupe kikaango bado. Mara nyingi utando ni mzima, ila juu yake kuna ngozi ya mafuta yaliyoungua, ya hudhurungi. Loweka kwa maji ya moto na sabuni dakika ishirini, usugue kwa sifongo laini, urudie ikibidi. Utando ukishabanduka, hapo hakuna ujanja. Kiwandani hukwaruzwa kwanza chuma ili plastiki hiyo ipate pa kushika, jambo lisilofanyika jikoni. Adui mkubwa ni moto: ukivuka nyuzi 260 za Selsiasi PTFE huanza kuharibika, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika huko ndani ya dakika chache. Moshi wake huua ndege wa kufugwa, basi asiwepo kasuku jikoni.

Mipira ya kuziba kingo za milango na madirisha isipakwe oili wala grisi ya petroli, maana aina nyingi za mpira huvimba na kulegea. Tumia silikoni ya kulainishia, ile ya kupuliza, lakini inyunyizie kwenye kitambaa ndipo upake. Ukiipuliza moja kwa moja, matone hutua sakafuni bila kuonekana, na vigae hubaki vikiteleza hata baada ya kupigwa deki mara moja. Rangi nayo haishiki ilipogusa silikoni, kwa hiyo kama unapanga kupaka ukuta au fremu ya mlango, maliza rangi kwanza.