Wasomaji Mnauliza: Nataka kujitolea visiwa vya Pasifiki, nianzie wapi?

Mwezi huu barua za Pasifiki zimekuwa nyingi kuliko nilivyotegemea, nadhani ile habari ya Mahakama ya Dunia kule The Hague, Uholanzi, imewagusa watu. Nimechukua tatu tu, maana zingine zinauliza vitu vilevile.

Shikamoo anti. Nasoma sheria mwaka wa tatu. Tangu nisome habari za wale wanafunzi wa Pasifiki waliofikisha suala la tabianchi mpaka mahakama ya dunia sina raha, nataka na mimi nikasaidie. Nimeona mtandaoni kuna kampuni inapeleka vijana kijijini wiki mbili, unalipa ada yao na nauli juu yako, wanasema utawafundisha wanakijiji haki zao za mazingira. Nilipe? — Wakili mtarajiwa

Marahaba mwanangu. Usilipe. Au ngoja, usilipe kwanza, tuongee.

Rudia kusoma hayo maneno, "utawafundisha wanakijiji haki zao". Hao wanafunzi unaowasema walikuwa 27, wanasoma sheria Chuo Kikuu cha South Pacific pale Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, mwaka 2019, na jambo lenyewe lilianzia darasani kwao, wakaunda kikundi, wakaanza kuwaandikia viongozi wa nchi za visiwa mmoja mmoja, serikali ya Vanuatu ikalibeba, tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuiomba mahakama hiyo itoe maoni yake, bila hata nchi moja kuomba kura, Desemba 2024 nchi 96 zikaenda kuongea mbele ya majaji, na tarehe 23 Julai 2025 majaji wote kwa kauli moja wakasema nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi na nchi ikivunja wajibu huo inaweza kudaiwa mpaka fidia. Wamefanya hayo kwa miaka sita. Sasa mimi na wewe tunaenda kuwafundisha nini kwa wiki mbili?

Sisemi hivo kukukatisha tamaa, moyo wako nimeuona na naupenda. Ila kabla ya kujitolea popote pale Pasifiki jiulize kitu kimoja, hii kesi ni ya nani? Kila shauri la mazingira kule lina mwenyewe, ni ukoo wenye ardhi, ni kijiji chenye mwamba wa kuvulia, ni watu kama wale wakaazi 156 wa Bougainville, kisiwa cha Papua New Guinea, ambao mwaka 2020 walipeleka malalamiko yao Australia dhidi ya kampuni ya Rio Tinto kwa uchafu ulioachwa na mgodi wa Panguna, mgodi uliofungwa tangu 1989 na mito bado imejaa mabaki yake. Mwenye kesi ndo anajua amepungukiwa na nini, na mara nyingi hajapungukiwa na mwalimu, amepungukiwa na masaa. Anataka mtu atakayekaa na ripoti ya athari za mazingira ya kurasa mia tatu aisome yote, aandike kwenye kurasa nne kampuni imeahidi nini ukurasa wa 40 na imejipinga wapi ukurasa wa 212. Anataka mtu wa kutafuta hukumu za nchi zingine, wa kuhakiki rejea, wa kuangalia tarehe ya mwisho ya kuweka pingamizi isije ikapita watu hawajui. Hiyo kazi mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu anaiweza na haihitaji ndege.

Na sasa hivi ndo inahitajika zaidi, kwa sababu yale ya The Hague ni maoni ya ushauri, hayana polisi wa kuyatekeleza, lazima yabebwe yaingizwe kwenye mahakama za nchi moja moja na kwenye meza za serikali, na hapo ndipo wasomaji wa hukumu wanapogombaniwa.

Wa kuwatafuta wapo. Port Moresby kuna CELCOR, hao ni wanasheria wanaowasimamia wenye ardhi wa Papua New Guinea kwenye mambo ya ukataji misitu na migodi. Suva, mji mkuu wa Fiji, kuna kikundi cha PANG ambao wanapambana na uchimbaji wa madini chini ya bahari. Halafu kuna kujitolea mtandaoni kupitia UN Volunteers, ukifika miaka 18 unajiandikisha popote ulipo na hulipi kitu. Mipango mingi mikubwa ya kupeleka watu wenyewe visiwani ni ya raia na wakaazi wa Australia na New Zealand, kwa hiyo usijipe presha ukikataliwa huko. Andika barua pepe fupi, sema unaweza nini, masaa mangapi kwa wiki, mpaka mwezi gani, basi. Ukisema masaa manne yawe manne kweli, maana anayeahidi kumi akapotea wiki ya tatu ni mzigo kuliko ambaye hakuja kabisa.

Siku ukialikwa uende, hapo nenda, na uwe umeulizia viza mapema kwa sababu kazi isiyo na mshahara bado ni kazi machoni pa uhamiaji, msimu wa vimbunga ni Novemba mpaka Aprili, na Fiji huingii kijijini hivihivi, unatangulia na mizizi ya yaqona, mmea wanaotengenezea kinywaji chao cha heshima, unampelekea mkuu wa kijiji, wanaita sevusevu, kofia umevua, ndo unasema shida iliyokuleta. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hajapona kama mgeni amekuja na majibu mfukoni.

Habari za kazi dada. Mi sio mwanasheria, nafundisha Kifaransa sekondari, Kiingereza changu pia kizuri. Je kuna nafasi ya mtu kama mimi au hii ni kazi ya wanasheria na wanasayansi tu? — Mwalimu

Nzuri mwalimu, na wewe ndo unatafutwa kuliko unavyodhani! Watu husahau kwamba Pasifiki mafaili mengi yako kwa Kifaransa. Polynesia ya Kifaransa ndiko Ufaransa ilikolipua mabomu ya nyuklia 193 kati ya 1966 na 1996, kule kwenye visiwa vya Moruroa na Fangataufa, na watu wanaodai fidia ya saratani zao wanajaza fomu kwa Kifaransa, wakati wenzao wa visiwa vya Marshall waliolipuliwa mabomu 67 na Marekani kati ya 1946 na 1958 mambo yao mengi yako kwa Kiingereza, kwa hiyo watu wa maumivu yaleyale hawasomi barua za wenzao mpaka apatikane mtu wa katikati. Vanuatu nayo ina Kiingereza, Kifaransa na Kibislama kama lugha rasmi, ukiacha lugha za kienyeji zaidi ya mia moja.

Ila nikupe kisa changu uwe makini kuliko mimi. Niliwahi kusaidia kikundi kimoja kidogo kusafisha maandishi ya ushahidi wa wazee, yalishatafsiriwa kutoka Kibislama kwenda Kiingereza, kazi yangu kuyanyoosha yasomeke. Mzee mmoja aliulizwa bahari imesogea kiasi gani, na kabla ya kujibu akaanza kutaja majina, babu yake fulani alipanda mshelisheli huu, baba wa huyo babu alizikwa pale penye jiwe, dada yake aliolewa upande wa pili wa kijito, ukurasa mzima na nusu ndo anafika kwenye bahari. Mimi nikaona ametoka nje ya mada nikayakata yote nikabakiza bahari. Nikajiona nimefanya kazi nzuri. Mratibu akanirudishia kesho yake na mstari mmoja tu, rudisha majina, hayo ndo hati yake ya ardhi.

Nilikaa nikitazama ile skrini muda mrefu. Katiba ya Vanuatu inasema ardhi yote ni ya wenyeji wenye ardhi kimila na vizazi vyao, sasa mtu atathibitisha vipi kwamba ni ya kwao kama sio kwa kutaja nani alipanda mti gani na nani amezikwa wapi? Yule mzee alikuwa anatoa ushahidi wake wa maana kabisa na mimi na kalamu yangu nikamfutia. Tangu siku hiyo sinyooshi ushahidi wa mtu, nikiona sielewi naweka alama nauliza, akinyamaza naandika amenyamaza.

Na kuna vitu hutakiwi kuvitafsiri wala kuviweka kwenye ramani hata ukivielewa. Ukikutana na neno tabu kwenye karatasi za Fiji au Vanuatu usilisome kama letu, kule maana yake ni kilichokatazwa, kwa mfano sehemu ya mwamba iliyofungwa watu wasivue, au sehemu ya wazee ambayo haitajwi kwa wageni. Uliza kwanza kipi kiende nje. Faili lenye jina na ugonjwa wa mtu usilibebe kwenye simu inayochezewa na nyumba nzima, nadhani hilo nalo unalijua.

Anti, kwa nini tusifanye kampeni moja tu, watu wa visiwa vinavyozama wahamishwe wote Australia yaishe? — Msomaji

Kwa sababu wengi wao hawajaomba hivo, na vijana wa kule wanaofanya kampeni wana msemo wao, hatuzami, tunapigana. Njia ya kuhama ipo kwa wanaotaka, mkataba wa Tuvalu na Australia ulioanza kutumika Agosti 2024 unatoa nafasi 280 kwa mwaka, na kuna kijiji cha Vunidogoloa Fiji kilihama chote mwaka 2014 kwenda juu kidogo, kwenye ardhi yao wenyewe. Ila Tuvalu wanalima pulaka, ni aina ya magimbi makubwa, wanachimba shimo mpaka yafikie maji baridi ya chini na shimo hilo linarithishwa, chumvi ikiingia humo inaua mazao na kazi ya mababu kwa pamoja, na ukimwambia mtu huyo ahame tu hujajibu alichouliza. Yeye ameuliza nani atalipa.

Kama unataka kujua kuhamishwa kunakaaje soma habari za Banaba, kisiwa ambacho sasa ni cha nchi ya Kiribati, kilichochimbwa fosfeti ya mbolea kikabaki mawe matupu, watu wake wakapelekwa kisiwa cha Rabi kule Fiji mwaka 1945, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwao. Miaka 80 imepita, wengi wao wako hapohapo Rabi, na mpaka leo wana mwakilishi wao kwenye bunge la Kiribati.