Si deko wala ukaidi

Dada yangu, umeuliza kama mwanao mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo, kwa Kiingereza autism) anadeka anapoziba masikio na kulia kila mnapofika sokoni Ngamiani. Hadeki. Watu wengi wenye usonji hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa ukali ambao sisi wengine hatuujui, na ni vigumu kwao kukipuuza kisicho na maana, hata honi ya bodaboda, makelele ya wauzaji, harufu ya samaki na lebo ya shati inayokwaruza shingo vikamfikia mwanao kwa pamoja, kila kimoja kikidai kushughulikiwa papo hapo. Tangu 2013, mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani umeyataja mambo haya miongoni mwa dalili za usonji. Yupo pia asiyehisi upesi njaa au maumivu, na mtoto mmoja aweza kuwa na hali zote mbili, jambo ambalo majirani huliona kuwa ni ujanja.

Akipungapunga mikono au kujitikisa, mwache maadamu hajiumizi, kwani mara nyingi hivyo ndivyo anavyojituliza. Mpeleke sokoni asubuhi mapema, umweleze kwanza mtakapopita, na akizidiwa mtoe umpeleke mahali penye utulivu bila maneno mengi, kwa kuwa wakati huo hata maelezo yako humwongezea kelele. Masikio yake yapimwe hospitalini hata hivyo, maana sikio bovu nalo huumiza, na asiyesema sana huenda asiweze kukueleza.