Nguvu ya chuo mtandaoni: maswali ya wasomaji

Tovuti nyingine zimetuwekea viungo 40,000, chuo jirani kina 6,000 tu. Mbona wao wanatutangulia katika Webometrics, orodha inayopanga vyuo vikuu kwa nguvu yao mtandaoni?

Msihesabu viungo, hesabuni tovuti zilizoviweka. Tovuti moja yenye kurasa 30,000 ikiweka kiungo chenu chini ya kila ukurasa, huzaa viungo 30,000, ilhali aliyeamua kuwataja ni mmoja. Pakueni orodha kutoka Majestic au Ahrefs, huduma zinazofuatilia viungo vya tovuti, ipangeni kwa kikoa (jina kuu la anwani ya tovuti), kisha futeni vikoa vyenu wenyewe na saraka za matangazo. Kinachobaki ndicho cha kuripoti. Someni vikoa 50 vya mwanzo kimoja kimoja: nani amewataja, na ametuma wasomaji kwenye ukurasa gani? Mara nyingi ni ukurasa wa mhadhiri mmoja aliyeweka data zake wazi. Huyo ndiye wa kuwezeshwa.

Tulibadilisha anwani ya tovuti, cheo kikaporomoka. Tufanyeje?

Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwa amri ya 301, inayosema kuwa ukurasa umehama kabisa, kwenye ukurasa mpya unaolingana nao. Kosa linalojirudia ni kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo. Anayefuata kiungo cha makala anakuta picha ya jengo la utawala, na injini za utafutaji huuona ukurasa ule kama umepotea. Chukueni anwani 20 za zamani, mzijaribu kwa mkono. Kikoa cha zamani endeleeni kukilipia, maana viungo vya miaka mingi bado vinapitia huko.

Webometrics inapima tovuti tu?

Hapana. Orodha hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2004 na maabara ya Cybermetrics ya CSIC, baraza la taifa la utafiti la Hispania, katika mgawanyo wake wa miaka ya karibuni imetoa asilimia 50 kwa viungo kutoka nje, 10 kwa kunukuliwa kwa watafiti katika Google Scholar (injini ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma), na 40 kwa makala zilizo katika asilimia 10 zinazonukuliwa zaidi. Kupamba tovuti hakugusi nusu ya pili.

Hazina yetu ya tasnifu inaonyesha upakuaji 200,000 kwa mwezi, lakini Google Scholar haionyeshi hata moja. Tatizo nini?

Ni matatizo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya namba hiyo huenda ni roboti, yaani programu zinazopakua zenyewe. Tumieni kanuni za COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya machapisho ya mtandaoni: roboti zinazojulikana huondolewa, na mtu akibofya faili lilelile mara mbili ndani ya sekunde 30, huhesabiwa mara moja. Namba itashuka sana. Wakubwa waelezwe mapema.

Pili, fungueni tasnifu moja na mjaribu kuteua sentensi kwa kipanya. Ukurasa ukishikika wote kama picha, umeskaniwa bila kutambuliwa maandishi, na Google Scholar haiwezi kuusoma. Upitisheni kwenye programu ya kutambua maandishi. Faili lisizidi megabaiti 5, na ukurasa wake uwe na metadata (maelezo yanayosomwa na kompyuta) ya kichwa, mwandishi na tarehe. Kisha hakikisheni faili la robots.txt, linaloziambia roboti za utafutaji zisiingie wapi, halijaifungia hazina nzima. Mafundi huifunga wakati wa majaribio, wakasahau kuifungua.