4,294,967,297 si namba tasa
Mdogo wangu wa Chake, umeuliza kama 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1, ni namba tasa. Sio. Mwanahisabati Euler aliivunja mwaka 1732: 641 × 6,700,417. Usianze kugawa kwa 3, 7, 11 mpaka ukachoka. Kila kigawo chake tasa, ukikigawa kwa 64, hubaki 1. Basi jaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641 tu. Kalkuleta ya tarakimu 8 haiibebi namba hii, wewe beba baki. 65,536 (yaani 2 kwa kipeo cha 16) ukigawa kwa 641 hubaki 154. 65,536 × 65,536 ndiyo 2 kwa kipeo cha 32, basi zidisha baki: 154 × 154 = 23,716, ukigawa tena kwa 641 hubaki 640. Jumlisha 1, ni 641 yenyewe, imegawika. Ile 1 ije mwisho kabisa. Ukiitia kabla ya kuzidisha, hesabu yote imeharibika.