Mabibo yaliniharibia mtambo wa gesi

Msimu wa korosho huku Tandahimba mabibo huozea chini ya mikorosho mpaka nzi wenyewe wanakinai. Wapika uraka, pombe ya mabibo, huchukua yao, na yanayobaki bado ni mengi. Mwaka wangu wa pili na mtambo wa gesi ya samadi nikajiona mjanja: ya nini kuzoa kinyesi kila asubuhi na chakula kimelala shambani? Nikaumwagia ndoo kumi kwa siku mbili.

Siku ya tatu gesi ilijaa kuliko wakati wowote. Jikoni ndipo nilipoumbuka. Kiberiti kinawashwa, moto unaruka kidogo, unazimika. Mke wangu akarudi kwenye kuni bila kusema neno, na bora angesema. Tope lililotoka lilinuka uchachu, kama uraka uliolala.

Fundi alipofika alicheka: "Kaka, wadudu wako umewalevya."

Hakukosea sana. Mle ndani wamo wa aina mbalimbali. Bakteria wa kwanza huvunja sukari na kutoa asidi, na hao ni wepesi mno. Wengine huzila baadhi ya asidi hizo na kutoa asidi ya siki pamoja na haidrojeni. Hapo ndipo penye fundo: haidrojeni ikirundikana hata kidogo, bakteria hao hawawezi kuendelea na kazi. Wanamtegemea jirani, kijidudu mtoa methani, ile gesi inayowaka (huyu si bakteria, ni arkea, kundi jingine la vijidudu), aile haidrojeni ile kila inapotoka. Yeye naye bila wao hana chakula. Wamefungamana kiasi kwamba kwa miaka mingi wataalamu walidhani kijidudu mmoja tu ndiye anayegeuza pombe kuwa methani, mpaka mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake walipoonyesha kuwa ni wawili: mmoja anaila pombe, mwenzake anaila haidrojeni anayoitoa.

Sasa mtoa methani huzaliana polepole na asidi humwelemea. Sukari ya mabibo iliwapa wale wepesi karamu, asidi ikajaa, yeye akalegea, haidrojeni ikabaki bila mlaji, na asidi ikazidi. Gesi niliyoiona imejaa ilikuwa zaidi kaboni dioksidi, isiyowaka.

Yakikukuta, acha kulisha kabisa. Mimi niliacha wiki tatu. Nunua karatasi za kupimia asidi: tope zuri liko karibu na 7, na namba ikishuka ndiyo asidi imezidi; chini ya 6.5 una shida. Nilitia chokaa kidogo kidogo, lakini naamini kilichoniokoa hasa ni ndoo nne za tope bichi kutoka mtambo wa jirani uliokuwa unawaka vizuri. Hiyo ni mbegu, usiione haya kuiomba. Nikaanza upya kwa samadi na maji, nusu kwa nusu, kipimo kidogo.

(Gesi asilia ya Mnazi Bay iko hapo Msimbati, mkoa huu huu wa Mtwara, bomba limekwenda zake Dar es Salaam, na sisi huku tunabembeleza kinyesi. Haya.)

Mabibo bado natia, ila makapi yaliyokwisha kamuliwa, ndoo moja kwa tano za samadi, na si kila siku. Moto ukianza kuwa na manjano na kurukaruka, mabibo nawaachia wapika uraka.