Flashi ya TB 2 kwa Elfu 25? Ijaze Kwanza Ndipo Uiamini

Jana usiku msomaji mmoja wa Morogoro alinitumia picha ya flashi. "Kaka, TB 2 kwa elfu 25, nichukue?" Nikamjibu hapo hapo: usichukue. Kisha usingizi ukanipaa, maana flashi kama ile ndiyo iliyomeza sauti ya bibi yangu.

Mwaka 2019 nilikaa kwa bibi Pangani wiki mbili, kila jioni namrekodi barazani. Alisimulia alivyoozwa, kazi za mashamba ya mkonge, nyimbo za unyago alizokuwa hamwimbii mwanamume. Faili 41, za sauti na video, karibu GB 58. Simu ikajaa. Nikanunua flashi ya GB 512 Kariakoo, nikahamisha zote, nikaona majina yote 41 yamepangana vizuri, nikafuta simu.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Baada ya hitma ya arobaini wajomba wakaomba tumsikilize. Faili 11 za kwanza zilifunguka. Zilizobaki, hakuna hata moja. Mjomba mkubwa aliniuliza, "Si ulisema umeweka?" Swali hilo bado linanichoma.

Ndani ya flashi ile kulikuwa na chipu ya GB 16 tu, na kidhibiti, yaani sehemu inayoiongoza flashi na kuijibu kompyuta, kilichochezewa kiseme 512. Kompyuta haipimi yenyewe. Inauliza, inaonyesha inachojibiwa. Ukishapita GB 16, flashi inaendelea kupokea bila kulalamika ilhali haina pa kuweka. Majina yanabaki kwa kuwa orodha yake huandikwa mwanzoni mwa chipu. Kuifomati hakusaidii kitu.

(Flashi halali ya GB 64 kuonyesha kama 59.6 kwenye Windows si wizi. Kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.)

Dawa ni kuijaza kabla ya kuiamini. Kwenye Windows kuna programu ya H2testw, kwenye Linux kuna F3, zote za bure. Zinaandika data mpaka flashi ijae, kisha zinaisoma upya kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inachukua saa nyingi. Iache ifanye kazi, ulale. Kubaliana na muuzaji mapema kwamba ikifeli unairudisha, akikataa ondoka. Na usifute simu mpaka umefungua faili zenyewe, hasa za mwisho. Majina si faili.

Ndugu zangu, tunathamini simu ya milioni kuliko kilichomo ndani yake. Simu utanunua nyingine. Wazee wetu wanaondoka na maneno yao, nasi tunayakabidhi kwa kitu cha elfu 25 kwa sababu kimeandikwa TB 2!

Nakala za zile faili 11 sasa ziko sehemu tatu tofauti. Katika faili ya kwanza kijiko kinagonga kikombe, bibi anakohoa kidogo, anasema, "Haya mjukuu wangu, washa mtambo wako."

Asubuhi yule wa Morogoro ameniandikia tena: alikuwa ameshailipia. Nimemwambia asiweke hata picha moja, aijaze yote kwa H2testw, kisha anitumie majibu.