Kabla hamjaenda kula bata Zanzibar, pitia kwanza dansini

Mkuu, nimekusoma vizuri. Una miaka 29, kazi unayo, ila ukikaa karibu na mdada aliyekuvutia ulimi unakuwa mzito, na sasa wewe na washkaji mnachanga hela za wikiendi ya Zanzibar mkatafute kujiamini huko. Mimi nimekaa ubachela hapa Dar miaka mingi, acha nikwambie ninavyoliona.

Nendeni, Zanzibar ni raha. Lakini woga ulioondoka nao Kivukoni utashuka nao bandarini Malindi, boti ya mwendo kasi ni kama saa mbili tu.

Vijana wengi huanzia pagumu kuliko pote: klabu za Masaki, muziki wa kupasua masikio, meza imejaa chupa. Pale hata msemaji hodari hasikiki. Unaishia kupiga kelele sikioni mwa mtu usiyemjua, halafu unaagiza nyingine ili mikono ipate kazi. Bili ikija, ndiyo unaanza kusema umechunwa. Hakuna aliyekuchuna hapo, ulichagua mahali ambapo pesa ndiyo inaongea peke yake.

Ushauri wangu ni muziki wa dansi. Usicheke, wala usiseme ni mambo ya wazee. Tafuta bendi kama Sikinde, iliyoanza 1978, au Msondo, ambayo chimbuko lake ni NUTA Jazz ya 1964, ujue wikiendi hiyo wanapiga ukumbi gani. Wimbo wa dansi ni mrefu. Unaanza taratibu, waimbaji wanasimulia kisa, watu wanacheza wawili wawili, kisha magitaa yanapanda na ukumbi mzima unachemka. Ile sehemu ya taratibu ndiyo shule yako. Unasogea kwenye meza, unasalimia wote waliokaa pale, wakubwa kwanza, halafu unamwambia, "Dada, naomba tucheze huu mmoja." Akikubali, mnacheza. Akikataa, "Haya dada, asante," unarudi kukaa.

Mara yangu ya kwanza niliyemwomba alitikisa kichwa akanionyesha viatu vyake, visigino vilikuwa vimemchosha. Nikarudi mezani na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Baadaye mama mmoja wa makamo akanivuta mkono, na tulipofika katikati akaniambia, "Acha kuangalia miguu, mwanangu, niangalie mimi." Mpaka leo sijapata somo zuri kuliko lile. Kukataliwa kwa adabu na kuendelea kufurahia usiku wako ndiko kunakomfanya mwanaume akae sawa, na hilo halitoki kwenye chupa.

Jumapili jioni shuka Coco Beach. Kula mihogo na pilipili, ongea na muuzaji, ongea na waliokaa jirani, bila shabaha ya kupata namba ya mtu. Asiyeweza kuzungumza na mama wa mihogo hataweza kuzungumza na mrembo.

Kuhusu nauli: mtu ambaye hujawahi kuonana naye akitaka umtumie nauli kwanza ndipo aje, mwambie mkutane mchana, sehemu anayoichagua yeye, kila mmoja aje kivyake. Anayetaka kukuona atakuja. Na kinywaji chako usikiache mezani ukienda msalani, ukirudi agiza kingine. Nakusihi hapo, wapo waliozinduka asubuhi hawana simu wala kumbukumbu.

Huko Zanzibar, beba kitambulisho, na usipange safari mwezi wa Ramadhani kama mnataka usiku wa muziki. Mji Mkongwe vaa kwa heshima na salamu usiziruke. Jioni ya kwanza nendeni Forodhani, juisi ya miwa, mishikaki, watu wa kila aina wamesimama kwenye meza moja, mazungumzo yanakuja yenyewe. Sherehe ya mwezi mpevu kule Kendwa iacheni iwe ya mwisho. Na wewe jitenge kidogo na kundi: wanaume watano wakimzunguka dada mmoja, hata mwenye nia njema anaonekana mhuni.

Akikupa namba, mpigie kesho yake mchana, msalimie, mkumbushe mlichozungumza. Usimwandikie "mambo" saa nane za usiku.